Alembic F-2B ya zamani, priampu ya besi isiyochosha
Wakuu hii priampu (kifaa cha kukuza sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye ampu) ya Mmarekani, ya tyubu zile za vioo, napigia gitaa la besi mwaka wa pili sasa na naipenda mno, saketi imetokana na ampu za Fender za zamani, chaneli mbili kila moja na tyubu yake ya 12AX7, sauti nene halafu safi, kila noti unaisikia.

Umri wake usiuangalie kwenye boksi, fungua usome mgongo wa poti (kile kinachozungushwa na nobu), yangu imeandikwa 1377833, 137 ni kiwanda cha CTS, 78 mwaka 1978, 33 wiki, kwahiyo priampu haijaundwa kabla ya hapo ila baadaye inawezekana kabisa maana poti hukaa stoo.

Matunzo siyo magumu. Ilikuwa inalia ting nikipiga noti kali, nikaiwasha nikagonga tyubu taratibu kwa penseli, moja ikaitikia kwenye spika, nikaibadilisha kukatulia. Poti zikikwaruza puliza spirei ya kusafishia. Muungurumo ukizidi ni kapasita za pawa zimezeeka, hapo mpe fundi anayejua tyubu, kapasita hizo zinatunza umeme hatari hata ukishachomoa waya. Na yangu ni ya volti 120, bila transfoma ya kushusha 230 yetu utaiunguza siku hiyohiyo.