Dirisha la vioo viwili chumbani kwa mama: limefaa, ila si kwa sababu niliyoambiwa

Nitasema mapema, asiye na muda asipate taabu. Kama nyumba yako iko Mombasa na unataka dirisha la vioo viwili ili bili ya stima ishuke, baki na pesa zako mfukoni. Kama unalitaka kwa chumba kimoja chenye kiyoyozi, kinachopigwa na jua la alasiri, na ndani yake kuna mtu ambaye lazima alale, hapo tuongee. Mimi nimelitia chumbani kwa mama, na chumba hicho peke yake.

Tunakaa mtaa wa Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu, na chumba cha mama kinaelekea machweo. Mama ni mtu mzima, presha inamsumbua, na joto la kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, linammaliza nguvu mpaka chakula hakitaki. Mwezi wa Machi, saa kumi alasiri, kipimajoto kilicho juu ya kabati lake kilikuwa kikisoma 34. Ukiweka kiganja kwenye kioo, unakiondoa mwenyewe. Nikikiwasha kiyoyozi, kilinguruma bila kupumzika na mama akawa halali mchana wala usiku. Ndipo nikaanza kuuliza habari za dirisha la vioo viwili, au dabo, kama mafundi wanavyoliita.

Fundi wa kwanza alinambia, "Mama, ukitia dabo joto lote linabaki nje." Nimefundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu, kwa hivyo nilimuuliza, "Mwanangu, joto lipi? La hewa au la jua?" Akanyamaza. Simlaumu, ndivyo alivyoelezwa na waliomuuzia vioo. Lakini swali hilo ndilo lenye jibu lote.

Dirisha hupitisha joto kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa ya nje kuwa moto kuliko ya ndani, joto likapenya kiooni taratibu. Hapo ndipo dabo inapofanya kazi, kwa sababu hewa iliyofungiwa katikati ya vioo haipitishi joto upesi. Kioo kimoja hupitisha takriban wati 5.8 kwa kila mita mraba, kwa kila digrii moja ya tofauti. Dabo ya kawaida ni takriban 2.8. Nusu nzima! Uingereza wakati wa baridi, ndani kukiwa 20 na nje sifuri, nusu hiyo ni pesa nyingi, ndiyo maana wenyewe hawakai bila dabo. Sisi nje ni 32 na kiyoyozi tumekiweka 24. Tofauti ni digrii nane tu.

Dirisha la mama lina upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 1.5. Kwa kioo kimoja, joto linalopenya kwa tofauti hiyo ni kama wati 125. Kwa dabo ni kama 60. Kiyoyozi kizuri huondoa wati tatu za joto kwa kila wati moja ya stima, kwa hivyo wati 65 ulizookoa ni kama wati 22 za stima. Kiwashe saa kumi mfululizo, haifiki hata robo ya yuniti. Mimi nikinunua tokeni, yuniti hunijia karibu shilingi 30. Basi faida ni shilingi saba kwa siku, na usiku, nje kukishuka mpaka 26, hata hizo saba hazipatikani. Bei niliyopewa ilikuwa shilingi 24,000 kwa dirisha la kioo kimoja na 58,000 kwa la dabo. Gawanya hiyo 34,000 iliyozidi kwa saba uone: ni zaidi ya miaka 13, ukiwasha kiyoyozi kila siku ya Mungu.

Njia ya pili ndiyo inayotuua. Jua la alasiri likikipiga kioo uso kwa uso huleta wati 500 na zaidi kwa kila mita mraba, na kioo kimoja cheupe huziachia zaidi ya asilimia 80 zipite. Kwa dirisha la mama, hizo ni zaidi ya wati 1,000, kama vile umewasha pasi ya nguo ukaiacha chumbani kutwa. Kiyoyozi chake ni cha BTU 12,000, yaani kinaondoa takriban wati 3,500, kwa hivyo karibu theluthi ya nguvu zake ilikuwa inapambana na dirisha moja. Sasa ukitia dabo ya vioo vyeupe vitupu, jua bado linapita karibu asilimia 70. Yaani umelipa zaidi ya mara mbili, na pasi bado inawaka.

Kwa hivyo kabla sijalipa kioo chochote, nilitundika pazia la mianzi. Nje, si ndani. Jua likishavuka kioo, pazia la ndani linapata moto lenyewe na kuurudisha chumbani. Langu linaning'inia karibu shubiri moja kutoka ukutani, hewa ipite nyuma yake, na kamba zake zimefungwa chini ili upepo usilipigepige. Machi hiyo hiyo, saa ile ile ya kumi, kipimajoto kikasoma 31. Digrii tatu, kwa kitu kilichosukwa na fundi wa mianzi kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya dabo. Wengine wataniambia upenu ungetosha. Kwetu jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kwa hivyo upenu unasaidia adhuhuri, lakini jua la magharibi linakuja chini chini, linaingia mvunguni mwa upenu. Dirisha la upande huo linataka kitu kilichosimama mbele yake. Tembea Mji wa Kale, pita Ndia Kuu utazame juu: mbao za vipande vilivyolazwa upande, kivuli kinakaa na hewa inapita. Wazee wetu hawakuhitaji kuuziwa kitu hapo.

Kwa nini basi nilitia dabo hata hivyo? Kwa sababu ya kelele, na kwa sababu ya mama. Chini yetu kuna kituo cha tuktuk, na usiku wa manane jenereta ya jirani huwashwa stima ikipotea. Dirisha la zamani lilikuwa la slaidi, raba zimekwisha, hewa inaingia pembeni na sauti inaingia nayo. Hili jipya ni la bawaba, linajikaza kwenye raba likifungwa. Kelele haikuisha, lakini mama sasa hashtuki usingizini. Hilo kwangu halina bei. Jambo jingine nililolipenda: zamani, kiyoyozi kikikesha, kioo kilikuwa kikitoa jasho upande wa nje kila alfajiri, maji yanachuruzika mpaka ukuta wa chini ukaota ukungu. Sasa kioo cha nje hakipoi kiasi hicho na ukuta umekauka.

Ukiamua kununua, angalia haya, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Jirani yangu wa ghorofa ya chini aliwekewa "dabo" ambayo ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa silikoni tu. Haikupita masika moja, mvuke ukaingia katikati, na sasa anatazama nje kupitia ukungu asioweza kuupangusa. Dabo ya kweli kwa kawaida ina utepe wa chuma baina ya vioo pembezoni mwote, wenye vitundu vidogo upande wa ndani. Ndani ya utepe huo kuna punje za kunyonya unyevu. Chungulia kwenye ukingo, vitundu utaviona. Kama hakuna utepe, ondoka.

La pili ni utando. Kioo kinachozuia jua kina utando mwembamba usioonekana, na kinaweza kushusha jua linalopita mpaka karibu asilimia 30. Lakini kuna vioo vyenye utando vilivyoundwa kwa nchi za baridi, na hivyo hupitisha jua makusudi ili nyumba ipate joto. Uliza kinapitisha jua kiasi gani, usiridhike na kuambiwa kina utando. Kisha washa kiberiti cha gesi mbele ya kioo ukiwa nje: utaona ndimi nne za moto kiooni, mmoja kwa kila uso wa vioo hivyo viwili. Mmoja una rangi tofauti na wenzake, huo ndio uso wenye utando. Kwa hali yetu uwe wa pili ukihesabu kutoka nje. Wangu ulikuwa wa tatu, fundi alikuwa amekigeuza. Nilimwonyesha, akakitoa na kukigeuza bila ubishi, na kwa hilo namshukuru.

Fremu iwe ya alumini iliyopakwa rangi ya kuchomwa, na skrubu na bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chumvi ya bahari haina huruma. Matundu ya kutolea maji chini ya fremu yasizibwe kwa silikoni, au mvua ya Mei itakuingilia. Na usibandike tinti nyeusi juu ya dabo: kioo kinashika moto na kinaweza kupasuka.

Mpangaji nisingemshauri kabisa. Asiye na kiyoyozi pia, kwake dirisha bora ni lile linalofunguka lote upepo wa kusi ukija. Na ukikaa ghorofa ya juu kabisa chini ya mabati au slabu tupu, anza na paa, maana jua la adhuhuri linatua huko kwanza.

Chumba cha mama sasa kinashika 25 bila kiyoyozi kunguruma mfululizo, pazia likiwa chini. Bili yangu imeshuka kidogo, na sehemu kubwa ya kushuka huko ilikuja mwezi wa pazia, kabla ya dabo. Sebuleni nimetundika mianzi mingine kwa fundi yule yule. Jikoni nimeacha luva za zamani, moshi wa kukaanga samaki unatoka wenyewe, na sina mpango wa kuzigusa.