Mwaka mmoja wa binti yangu darasa la tatu: uzoefu wangu na skuli ya kijijini

Januari nilikuwa nimeshamfungia binti yangu nguo zake aende kukaa kwa shangazi yake Wete mjini, asome huko. Alikuwa anaingia darasa la tatu na kusoma bado anababaika: herufi anazijua, lakini akikutana na neno kama "ng'ombe" anasimama, ananitazama usoni. Baba yake akasema tumpe mwaka mmoja zaidi hapa hapa kijijini, maana skuli imeletewa mwalimu mkuu mpya. Mwaka umekwisha, na nayaandika haya kwa wazee wenzangu wa Pemba wenye suali kama lile langu.

Mimi ni mkulima wa mwani. Bamvua likiingia, maji yakikupwa mbali, ndizo siku zetu za kupanda na kuvuna, na kila mkono unatakiwa. Watoto tulikuwa tunawachukua kwenda nao pwani, na mimi nimo katika hao waliowachukua. Skuli nayo ikituita mkutanoni kuzungumzia utoro, mkutano wenyewe unawekwa asubuhi ya bamvua. Hatuendi, tunaambiwa hatujali elimu. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka.

Mwalimu mkuu huyu alitufuata pwani. Tulikuwa kina mama kama kumi chini ya mkungu, tunafunga mbegu kwenye kamba. Akasalimia, akaketi mchangani, akachukua kamba na yeye akafunga, fundo zake zikilegea tukimrekebisha. Kisha akauliza: "Mama zangu, bamvua la mwezi ujao linaanza siku gani?" Akaandika daftarini. Tokea siku ile mikutano yote ya wazee imewekwa siku za maji mafu, ambapo bahari haikupwi mbali na pwani hakuna kazi kubwa, na tunajaa mpaka wengine wanakaa nje dirishani. Tukakubaliana mbele ya sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, kwamba mtoto wa mkondo wa asubuhi haguswi mpaka aachiwe, na aliyepungukiwa na watu pwani tutamsaidia kwa zamu. Si wote walioshika ahadi, lakini tulio wengi tumeishika, na binti yangu tokea hapo hajakosa skuli kwa ajili ya mwani hata siku moja.

Kilichonigusa zaidi ni somo la hesabu. Msimu wa karafuu ulipoingia, mzee mmoja wa kamati ya skuli aliombwa aje darasani na vipimo vyake: pishi, kisaga na kibaba, pamoja na pakacha la karafuu mbichi. Wazee tuliruhusiwa kusimama mlangoni. Mzee akamimina vibaba vinne, pishi ikajaa. Akaimwaga, akamimina visaga viwili, ikajaa tena. Mwalimu akaandika ubaoni: robo, nusu, nzima. Akaitwa binti yangu, akatia vibaba vitatu, akaulizwa kimebaki kiasi gani. Akainama, akapitisha kidole ndani ya pishi pale karafuu zilipoishia mpaka ukingoni, akasema polepole, "Robo." Jioni ile tumekaa barazani tunachambua, makonyo (vikonyo vya karafuu) huku, karafuu huku, akawa anatupimia kila mtu kazi yake na kumwambia kaka yake, "Wewe bado kisaga." Hakuna aliyemtuma.

Kusoma kumekuja kwa njia nyingine. Watoto waliagizwa wakae na bibi na babu zao, wasikilize hadithi, waziandike, kisha wasomeane darasani. Bibi yake binti yangu alikuwa kigori tayari elimu ilipotangazwa kuwa bure Septemba 1964, na hakuwahi kukalia dawati. Kila usiku baada ya Isha nilikuwa nikisikia "Paukwa!" na mtoto anajibu "Pakawa!", halafu, "Ngoja bibi, sijamaliza kuandika." Siku ya kufunga skuli aliisoma hadithi ile mbele ya kijiji kizima. Kuna neno moja lilimshinda, akarudi nyuma akalianza upya, akalipita. Bibi alikuwa mstari wa mbele, midomo yake inakwenda pamoja naye mpaka mwisho.

Kasoro zipo na lazima nizitaje. Darasa limejaa, watoto wanabanana vikalioni na wengine wanakaa chini kwenye mkeka. Wanakijiji tumejenga boma la madarasa mawili kwa nguvu zetu, kina baba wakifyatua matofali na sisi tukichota maji na mchanga, likafika linta na hapo limesimama. Mvua za masika zimelipiga halina paa. Hesabu za michango yetu zilicheleweshwa. Tuliuliza mikutano mitatu ndipo zikabandikwa ukutani, risiti kwa risiti. Kwa hili nililaumu sana na bado nalaumu, kwa sababu mtu anayetoa pesa ya mwani anajua imepatikanaje. Na uji wa watoto wadogo ulikatika katikati ya mwaka, sukari na kuni zilipokwisha. Hapo kosa ni letu wazee pia, tuliahidi tusitimize.

Kwa anayekaa karibu na skuli ya namna hii, ningemshauri asikimbilie mjini. Aende mkutanoni, aulize hesabu, na aombe kuingia darasani siku moja aone mwanawe anafundishwaje. Kwa anayefanya kazi mbali na hana muda wa kufika skuli kabisa, sina hakika angepata nilichopata mimi.

Nguo za binti yangu nimeshazirudisha kabatini. Mwakani anaingia darasa la nne, lenye mtihani wa taifa, na mkutano wa kwanza wa wazee umepangwa maji mafu ya mwanzo ya Januari. Tutazungumzia mabati ya lile boma, kabla masika hayajarudi.