Difu ya shafti: R1200GS ya zamani na Super Ténéré, ipi inahudumika kirahisi?

Anayetafuta pikipiki kubwa iliyotumika kwa safari ndefu, na hataki mnyororo, mara nyingi huishia kwenye mbili hizi: BMW R1200GS ya 2004 hadi 2012, ile inayopozwa kwa hewa na oili, au Yamaha XT1200Z Super Ténéré iliyoingia sokoni 2010. Injini zake zimeshajadiliwa vya kutosha. Hapa tunapima difu ya nyuma (nyumba ya gia inayopokea nguvu ya shafti na kuzungusha gurudumu) na oili yake tu, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wenye pikipiki za shafti huisahau kabisa, na ikifa haina matengenezo ya kando ya barabara.

Hukumu yetu tunaitoa mapema: kwa mtu anayehudumia pikipiki yake mwenyewe, difu ya Yamaha inashinda, na sababu kubwa ni kwamba inakuruhusu kuiangalia.

Isimamishe Super Ténéré kwenye stendi ya kati, mahali tambarare, difu ikiwa imepoa. Safisha vumbi lote kuzunguka nati ya kujazia kabla ya kuigusa, kwa sababu mchanga unaoingia pale unasagwa na krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu) hadi siku ya kumwaga oili. Fungua nati, mulika kwa tochi. Oili inatakiwa iwe imefika kwenye ukingo wa chini wa tundu. Ikiwa iko chini ya hapo, usikimbilie kuongeza: tafuta kwanza inakovujia, hasa kwenye sili ya upande wa gurudumu na pale shafti inapoingilia. Difu haichomi oili kama injini. Kilichopungua kimetoka nje.

GS haina kipimo cha namna hiyo. Tundu lake la kujazia liko juu, na ukijaza mpaka ukingoni umeshazidisha. Njia ya uhakika ya kujua kiasi kilichomo ni kuimwaga yote na kupima. Zile za mwanzo, kabla ya 2007, ni ngumu zaidi: chini hazina nati ya kumwagia, kwa hiyo difu inabidi ishushwe, na oili mpya inapitishwa kwenye tundu la sensa ya ABS (breki zisizofunga gurudumu). Ziliuzwa kwa ahadi kwamba oili ile ni ya maisha yote ya difu. Beringi kubwa ya krauni ilipoanza kufa kwenye pikipiki nyingi, kampuni yenyewe ikabadili maelekezo, na kuanzia 2007 nati ya kumwagia ikawekwa chini. Tofauti hiyo peke yake inatosha kukufanya uchague GS ya 2007 kwenda juu, hata kama ya 2005 ina bei nzuri.

Kwenye kiasi ndiko mafundi wengi wanakokosea. Difu ya GS ikiwa kavu kabisa inachukua ml 220, lakini unapobadilisha unaweka ml 180 tu, kwa kuwa oili nyingine inabaki kwenye beringi na kuta za ndani. Fundi akisoma 220 akaimimina yote, difu imejaa kupita kiasi. Oili ikipata moto inatanuka, meno ya krauni yanaichapa mpaka inatoa povu, presha inapanda na sili inaachia. Utaona alama za mafuta kwenye rimu, na ukipuuza zitafika kwenye tairi. Yamaha inachukua lita 0.20, na hata mkono ukizidi kidogo, ziada inamwagika yenyewe tundu likiwa bado wazi.

Vifaa ni vichache na vya bei nafuu. Nunua duka la dawa bomba la sindano la ml 60, lisilo na sindano yenyewe, pamoja na kipande cha mpira mwembamba wa kuchomeka mbele. Kwa GS ni mabomba matatu kamili. Kwa Yamaha ni matatu na ml 20 juu yake, kisha unahakikisha kwenye ukingo. Oili ni ya hipoidi (gia za difu zenye meno ya mshazari), daraja la GL-5, na uzito ni huu: 75W-90 ya sintetiki kwa GS, kwa Yamaha 80W-90 inatosha. Ni oili ileile ya difu za magari, inapatikana kwenye maduka mengi ya spea, na chupa moja ya lita inatosha mara tano kwa pikipiki yoyote kati ya hizi. Epuka ile iliyoandikwa kuwa ni ya difu za kufunga; viongezo vyake havina kazi hapa. Na usiweke oili ya injini hata kwa dharura, maana meno ya hipoidi yanateleza huku yakibanana kwa nguvu na yanahitaji viongezo vya salfa na fosforasi, vile vinavyoipa oili ya difu harufu yake kali.

Wakati wa kumwaga, endesha kwanza dakika 10 au 15 ili oili ilainike. Kisha legeza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Wengi hufanya kinyume, halafu ya juu inagoma na wanabaki na difu tupu. Acha itiririke mpaka matone yaishe. Wakati wa kufunga weka washa au oringi mpya, na kaza kwa spana ya kipimo: Nm 20 kwa GS, Nm 23 kwa Yamaha. Nyumba ya difu ni alumini. Anayekaza kwa mguu ndiye anayekuja kutafuta mtu wa kuchonga nyuzi upya.

Oili iliyotoka ina habari nyingi kuliko maneno ya muuzaji. Unga laini wa kijivu ulioshika kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa au magamba unayoweza kuyashika kwa kucha, beringi au meno yameanza kumeguka, na kubadilisha oili hakutaponya. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na mara nyingi chanzo ni kuvuka mto difu ikiwa ya moto: inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili au kipumulio. Ikishatokea, badilisha siku hiyohiyo, tembea kidogo, kisha badilisha tena.

Kwa ratiba, Yamaha inataka mabadiliko ya kwanza km 1,000 na baadaye kila km 20,000. Kwa GS tunashauri km 20,000 hizohizo, na mapema zaidi kama unapita kwenye maji na tope.

Ukienda kukagua GS ya kununua, iweke kwenye stendi ya kati, shika gurudumu la nyuma juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza pande zote mbili, shaka inaangukia beringi ya krauni. Likicheza juu na chini tu, angalia beringi za kiungo cha difu na mkono wa nyuma. Vuta pia buti la mpira pale shafti inapounganika. Maji yakinaswa humo splaini (meno ya kuunganishia shafti) zinaota kutu. Uliza kama flanji ya gurudumu (kitako ambacho gurudumu linafungwa juu yake) ilibadilishwa kuwa ya chuma, kwa sababu mwaka 2015 BMW iliita pikipiki zenye ile ya alumini zirekebishwe kutokana na nyufa. Kwa Super Ténéré omba ufungue nati ya kujazia mbele ya muuzaji. Akikataa kazi ya dakika 5, punguza bei au ondoka.