Mizani ya kidijitali ya jikoni: tumia gramu, uache kitufe cha mililita

Mizani ninayoizungumzia ni ile bapa yenye uso wa kioo, inayopima hadi kilo 5 kwa hatua za gramu 1, ambayo siku hizi haikosekani katika maduka ya vyombo. Ina kitufe cha kuiwasha na kuirudisha kwenye sifuri, na kingine cha kubadili vipimo. Kwa yeyote anayeoka keki au kupika maandazi ya kuuza, na anayetaka ya leo yafanane na ya jana, naipendekeza bila kusita, ila kitufe hicho cha pili nashauri asikiguse kabisa.

Faida yake huonekana zaidi kwenye unga wa ngano. Kikombe cha kupimia cha mililita 250 kikijazwa kwa kijiko unga uliochekechwa, huchukua takriban gramu 125, lakini kikichotwa moja kwa moja mfukoni na unga ukashindiliwa, kinaweza kufika gramu 150. Katika mapishi ya vikombe 4 hiyo ni ziada ya gramu 100, na ndiyo sababu wapishi wawili wanaofuata maelezo yaleyale hutoa maandazi tofauti, ya huyu laini na ya yule magumu. Isitoshe, kikombe cha mapishi ya Marekani ni kama mililita 237, wala si 250.

Sasa tuje kwenye kitufe cha mililita, ambacho ndicho kasoro kubwa ya chombo hiki. Mizani haijui kilichomo bakulini. Ukichagua mililita, inachukulia kwamba unapima maji, ambayo mililita 1 ina uzito wa gramu 1. Kwa maziwa kosa ni dogo. Mafuta ya kupikia, hata hivyo, ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo anayemimina hadi kioo kisome 250 atakuwa ameweka takriban mililita 270. Kwenye asali, ambayo ni nzito, mambo hugeuka: kioo kikisoma 250, bakulini mna chini ya mililita 180. Kijitabu cha maelezo kinakisifu kitufe hiki bila kutoa onyo lolote, jambo ambalo naliona ni kumpotosha mnunuzi.

Afadhali kubaki kwenye gramu na kubandika ukutani orodha fupi ya kikombe cha mililita 250: unga 125, sukari nyeupe 210, siagi 240, mafuta 230, asali 355. Baada ya hapo kazi ni nyepesi mno: unaweka bakuli, unabonyeza sifuri, unamimina unga, unabonyeza tena, unaongeza sukari, na hakuna kikombe cha kuosha.

Kwa usahihi sina lalamiko, kwani nusu lita ya maji ilisoma gramu 498. Kinachoudhi ni kwamba hujizima yenyewe ukikawia kidogo, kwa mfano unapokuna nazi, na ikiwashwa tena hesabu iliyokuwapo imepotea. Hamira na iliki pia ziendelee kupimwa kwa kijiko cha chai, kwa kuwa kijiko kimoja cha hamira kina kama gramu 3 tu, na mizani ya hatua za gramu 1 haiwezi kuaminiwa kwa kiasi kidogo namna hiyo.