Beta ya Battlefield 6 kwenye duka la gemu, Moi Avenue

Agosti 2025 beta, yaani toleo la majaribio la gemu hii ya vita, ilianza na wenye msimbo wa kuingia mapema, tarehe 7 na 8, kisha ikafunguliwa kwa kila mtu kuanzia tarehe 9. Mimi nikaingia na umati, ghorofa ya pili, shilingi 100 kwa saa. Bora hivyo: seva hupimwa vizuri watu wakijaa.

Kompyuta ziko sawa, ila gemu ilikataa kuwaka bila Secure Boot, kinga inayohakiki programu kompyuta inapowaka. Kijana wa kaunta akazima mashine, akabonyeza Delete mfululizo hadi BIOS, ukurasa wa mipangilio ya msingi ya kompyuta, ikatokea, akaweka sawa. Muda huo hakunihesabia, Mungu ambariki.

Kitufe cha W kimechakaa, na hedifoni zinanuka jasho. Nitarudi, lakini na zangu.