M35A2: injini haina neno, chungulia breki kwanza

Mnunuzi wa M35A2, lile lori la magurudumu kumi lililostaafu jeshi la Marekani, hukimbilia boneti. Afadhali angelala chini ya chasi kwanza. Injini inavumilia mengi, breki hazivumilii.

Breki zake ni za mafuta zikisaidiwa na upepo. Pedali inasukuma masta silinda (pampu kuu ya breki), kopo la upepo kwenye chasi linaongeza nguvu, kisha mafuta yanakwenda kwenye habu zote sita kwa njia moja tu. Mpira mmoja wa breki ukipasuka, pedali inazama hadi sakafuni, na lori la zaidi ya tani 5 likiwa tupu linabaki na handbreki inayobana drami moja nyuma ya gea boksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma. Hiyo ni ya kushikilia gari lililokwisha kusimama.

Kwa hiyo kwenye bei ya kununulia jumlisha masta silinda, mipira yote na silinda sita za magurudumu. Kubadilisha ile inayovuja peke yake ni kuahirisha tu, maana zilizobaki zina umri uleule. Mafuta ya breki ya rangi ya zambarau ni silikoni, daraja la DOT 5, ambayo jeshi lilihamia miaka ya 1980 kwa kuwa hayanyonyi maji. Lakini maji yakishaingia hutuama chini ya silinda na kuila kwa kutu. Usiongezee mafuta ya kawaida ya DOT 3 juu yake, hayachanganyiki. Ukitaka kubadili aina, mwaga yote, safisha paipu, weka raba mpya. Silikoni imimine polepole, inashika mapovu. Kutoa hewa anza kwenye kopo la upepo, ndipo uende magurudumuni.

Ukifungua drami ukakuta breki shuu zimelowa, nusa. Harufu ya oili ya difu maana yake sili ya habu imekwisha, na shuu zilizolowa hazisafishiki, ni za kutupa.

Nati za magurudumu ya upande wa kushoto zina uzi wa kinyume. Asiyejua hukata stadi, kisha hulaumu kutu. Magurudumu ya nyuma, yaliyofungwa mawili mawili, yanataka soketi ya inchi 1½ kwa nati ya nje na ufunguo wa mraba wa 13/16 kwa ya ndani. Ukitaka kukaza ya ndani, legeza ya nje kwanza, la sivyo gurudumu la ndani linabaki huru.

Injini ya lita 7.8, silinda sita, inakunywa dizeli au mafuta ya ndege bila kinyongo. Usiivushe mizunguko 2,600 kwa dakika, ndipo koni rodi zinapotokea ubavuni. Ina silinda hedi mbili, kwa hiyo kagua gasketi zote mbili. Kiwango cha oili kikipanda chenyewe kwenye kijiti, pampu ya dizeli inavujishia dizeli ndani. Usiwashe. Oili inayoingia ni kama lita 21, na filta ni mbili.

Umeme ni volti 24 kutoka betri mbili. Kuchomoa volti 12 za redio kwenye betri moja kunaua zote: moja inachajiwa kupita kiasi, nyingine inabaki na njaa. Funga kipunguza volti.

Kwa shamba na msituni, linunue. Kwa barabara kuu, subiri mpaka lifungwe masta silinda ya njia mbili.