Kocha wa kurithi na kocha wa kulea

Barazani Mkunguni, Lamu, kahawa chungu inapoa vikombeni na ubishi ni uleule: kocha bora ni yule aliyerithi timu au yule aliyeilea? Kocha Di Matteo alikabidhiwa Chelsea Machi 2012, akabeba Kombe la Klabu Bingwa Ulaya Mei. Alipewa jahazi, tanga na mabaharia; yeye alishika usukani tu, ingawa kushika usukani baharini kumechafuka nako si mchezo. Novemba akatimuliwa.

Ferguson? Alifika Manchester United 1986, ligi akaipata 1993. Vijana aliowalea, kina Giggs, Beckham na Scholes, wakamletea mataji matatu 1999. Mimi huyu ndiye kocha wangu.

Mzee mmoja akadakia: "Na kipa wake Schmeichel, si alinunuliwa?"

Kweli, mzee. Lakini hata fundi wa majahazi wa Matondoni misumari hununua dukani.